Kumpunguzia kijana mkimbizi mzigo: mwongozo kamili kwa familia na jamii zilizohamia nchi ya tatu

Kijana wa miaka 14 amekaa katikati ya mama yake na daktari. Ni miezi minane tangu familia ishuke ndege. Daktari anauliza, kijana anasikiliza, anamgeukia mama na kumweleza. Mama anajibu kwa kirefu, kisha anashusha sauti na kutaja jambo lililompata njiani walipokuwa wakikimbia, jambo ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mwanawe. Kijana anatazama sakafu. Daktari anasubiri. Hatimaye kijana anasema: "Mama anasema mgongo unamuuma."

Mama anatoka pale na dawa ya mgongo. Kijana anatoka na siri asiyojua aipeleke wapi. Usiku hapati usingizi, na mwalimu akimuuliza kwa nini anasinzia darasani, atasema alichelewa kulala kwa sababu ya simu.

Anayetaka kuwatunza vijana wakimbizi aanzie kwenye chumba kile. Mara nyingi tunaanzia kwingine: tunaita warsha, tunagawa fulana, tunamleta mtu awahutubie vijana kuhusu ndoto zao. Lakini kijana aliyehamia hajapungukiwa ndoto. Amebebeshwa mizigo ya watu wazima, na wakati huohuo hakuna anayemwuliza anataka nini. Hatua zinazofuata ni za kumtua mzigo huo na kumpa sauti. Zinamhusu mzazi, kiongozi wa jamii, kiongozi wa dini, kaka na dada mkubwa, na yeyote anayefanya kazi na familia hizi.

Hatua ya 1: Tambua familia iko kwenye kipindi gani

Kila mwaka ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi duniani wanaopelekwa nchi ya tatu, yaani si ile waliyoikimbia wala ile waliyokimbilia kwanza. Kila familia inayoondoka inajua hilo, kwa sababu imeacha majirani waliosubiri miaka mingi zaidi yake. Bahati hiyo humfunga kijana mdomo. Akisema ana huzuni, anaambiwa wenzake wanaililia nafasi aliyoipata. Basi ananyamaza, na ukimya wake unahesabiwa kuwa utulivu.

Miezi ya mwanzo ina pilikapilika: hati, chanjo, shule, nyumba. Watu wa kusaidia ni wengi. Nchini Marekani, huduma za mwanzo za shirika la mapokezi zilipangwa kwa siku 30 hadi 90. Kanada msaada huo unaweza kufika mwaka mmoja, na tangu 1979 raia wa kawaida wameweza kujiunga na kudhamini familia. Kokote iwako, siku inafika ambapo mhudumu anaacha kupiga simu, na mara nyingi ni wakati uleule ambao uchovu, upweke na bili vinaanza kuonekana.

Kwa hiyo usitumie nguvu zako zote uwanja wa ndege. Andika tarehe ambayo familia iliwasili, kisha panga ziara ya mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili. Ziara isiwe na fomu. Kaa, sikiliza, muulize kila mmoja peke yake anaendeleaje, kijana naye awe miongoni mwao.

Mfano wa wakimbizi wa Bhutan, nchi ya Asia, waliohamishiwa Marekani unapaswa kutukumbusha uzito wa jambo hili. Kati ya Februari 2009 na Februari 2012, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilithibitisha vifo 16 vya kujiua katika jamii hiyo. Wachunguzi walipowahoji wanajamii kuhusu ugumu wa maisha mapya, walisikia habari za kutojua lugha ya nchi, wasiwasi juu ya ndugu waliobaki, na shida ya kushika mila na ibada zao. Yote hayo waliyakuta baada ya kufika salama.

Hatua ya 2: Mtoe mtoto kwenye ukalimani mzito

Nitakaa hapa kwa muda, maana hatua hii ikifanyika vizuri nyingine zote zinakuwa nyepesi.

Watoto hushika lugha mpya haraka kuliko wazazi. Ndani ya mwaka mmoja mtoto anakuwa mdomo wa nyumba: anasoma barua, anaongea na mwenye nyumba, anaamua taarifa gani mama aisikie na ipi aifiche. Wazazi wanamsifu, naye anajivunia, na fahari hiyo ina thamani yake. Kumwulizia baba njia kwa dereva wa basi hakumdhuru mtoto. Mpaka uwekwe sehemu tano: hospitali, mahakama, polisi, mambo ya fedha, na kikao cha shule kinachomhusu mtoto mwenyewe. Hapo mkalimani awe mtu mzima aliyefunzwa.

Mara nyingi haki hiyo ipo, ila familia haijui. Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu zisimbague mtu kwa asili yake, na kwa msingi huo zinatakiwa kumhudumia hata asiyejua Kiingereza. Tangu 2016 kanuni za sekta ya afya zimekataza kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mwingine. Katika nchi nyingine uliza swali hili mapema: nani analipia mkalimani, na anaombwaje?

Mfundishe mzazi sentensi moja ya lugha mpya: "Ninahitaji mkalimani wa Kiswahili, tafadhali." Aikariri mpaka aiseme bila kuogopa. Iandikwe pia kwenye kadi ndogo inayokaa pamoja na kitambulisho. Ombi litolewe siku ya kupanga miadi, kwa sababu ukisubiri kuliomba mlangoni utaambiwa mtoto yupo, atasaidia.

Kisha hakikisha lugha ni ile anayoisema mzazi. Kiswahili cha mama aliyezaliwa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, na kile cha mkalimani wa pwani ni ndugu, ila si pacha. Mama akisema anamtafuta "muganga", anamaanisha daktari, na mkalimani anaweza kuelewa mganga wa kienyeji. Wazee wengine wanajieleza vizuri kwa Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, na Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni. Kadi iseme hivyo wazi.

Baada ya hapo, anzisheni meza ya barua. Familia nyingi zilisafiri na mfuko wa plastiki wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, wenye hati zote, na hadi leo kila karatasi inayofika nyumbani inaingizwa mfuko uleule: bili, matangazo ya biashara, wito wa hospitali, barua ya uhamiaji. Chagueni siku moja ya wiki na ukumbi mmoja. Wawepo watu wazima wawili watatu wanaosoma lugha ya nchi hiyo vizuri. Mzazi anakuja na mfuko, na karatasi zinagawanywa mafungu matatu: zinazodai jibu kabla ya tarehe fulani, za kuhifadhi, na za kutupa. Fungu la kwanza linashughulikiwa palepale, tarehe inaandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwa maandishi makubwa. Wasomaji waape kutunza siri, na atakayeitoa nje aondolewe mezani bila mjadala. Mkifanya hivyo miezi mitatu mfululizo, mtaona watoto wanaanza kurudi kwenye mambo ya umri wao.

Hatua ya 3: Ingia shuleni kabla ya tatizo

Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha kuwa mtoto anaweza kuongea lugha mpya vizuri kwa mazungumzo ya kawaida ndani ya miaka kama miwili, lakini lugha ya vitabu, ya insha na ya mtihani wa sayansi huchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake. Kila mzazi na kila mwalimu aujue ukweli huu. Kijana anayepiga soga kwenye korido bila kukwama anaitwa mvivu akishindwa mtihani. Si mvivu. Bado yuko katikati ya safari ya lugha, na akinyang'anywa masomo ya msaada kwa kuwa "sasa anaongea vizuri", ataachwa nyuma.

Mzazi anapokwenda shuleni aulize mambo matatu: mwanangu amewekwa kundi gani la kujifunza lugha na lini atapimwa tena? Masomo anayosoma sasa yanahesabiwa kwenye cheti cha kumaliza shule? Akikwama au akionewa, amwendee nani kwa jina? Kwa walioko Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau na Nichols, kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu darasani bila msaada. Kumbukumbu hiyo inampa mzazi uti wa mgongo katika kikao.

Kuna suala la umri pia. Wakimbizi wengi wameandikishwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu hati zilipotea au hazikuwahi kuwepo. Kijana aliyeongezewa miaka miwili kwenye karatasi anaweza kupangwa darasa la juu mno na kuishiwa umri wa shule kabla hajahitimu. Likijitokeza, mtafuteni mwanasheria wa uhamiaji anayehudumia wakimbizi kabla ya kugusa hati yoyote. Kurekebisha tarehe kienyeji kunaweza kuleta tuhuma ya udanganyifu kwenye faili la familia nzima.

Nawaonea huruma zaidi wanaofika wakiwa na miaka 17 au 18. Kila mtu anawasukuma kazini haraka. Ulizeni kwa maandishi umri wa mwisho wa kusoma katika shule za umma za eneo lenu, na mkikataliwa ombeni sababu ya maandishi. Kiwanda kitamngoja kijana. Darasa halitamngoja.

Hatua ya 4: Mrudishie mzazi nafasi yake

"Ukimgusa anapiga 911," yaani namba ya polisi na dharura Marekani na Kanada. Sentensi hii huzunguka katika jamii zetu mpaka wazazi wengine wanaacha kulea kabisa, na wengine wanazidisha ukali kwa siri. Wote wanaogopa jambo moja, kunyang'anywa watoto.

Itisheni kikao cha wazazi na mtu anayeijua sheria ya ulezi ya mahali hapo. Aseme waziwazi nini kimekatazwa, nini kinaruhusiwa, na nini hasa hutokea mtoto akipiga simu ya polisi. Kisha, na hiki ndicho hukosekana, wazazi wapewe cha kushika badala ya fimbo: ratiba ya nyumba waliyokubaliana na watoto, simu inayolala sebuleni usiku, adhabu ya kunyimwa kitu kwa muda uliotajwa, na sifa inayotolewa mbele ya wageni.

Mwanasaikolojia John Berry aliainisha njia nne wanazofuata waliohamia: kushika cha kwao na kupokea kipya, kutupa cha kwao na kumezwa na kipya, kujifungia na cha kwao tu, au kubaki bila chochote. Utafiti wake uliona wanaoshika vyote viwili kwa kawaida ndio wanaotulia zaidi. Mzazi akimwambia mwanawe "umekuwa mzungu", anamsukuma achague upande mmoja. Kumbuka pia kuwa vijana wengi walizaliwa kambini, Nyarugusu ya Tanzania iliyofunguliwa 1996 au Kakuma ya Kenya iliyofunguliwa 1992. "Nyumbani" ambako mzazi anakulilia, kijana hajawahi kukuona. Msimulie. Usimkaripie kwa kutokukukumbuka.

Hatua ya 5: Zungumzeni "mawazo" kabla ya kutaja ugonjwa

Ukitangaza semina ya afya ya akili, watu wengi watasikia habari za wazimu na hawatakuja. Kiswahili kina neno lake: mtu ana mawazo. Anawaza sana, moyo wake hautulii, kichwa kimejaa. Anzia hapo.

Kwa kijana, uliza kuhusu mwili na siku yake: unalala saa ngapi, unaamka usiku? Unakula? Kitu ulichokuwa unakipenda bado unakifanya? Ukikasirika inakuwaje? Muulize mkiwa mnatembea au mnafanya kazi fulani pamoja, kwani kuketishwa ana kwa ana kunamkumbusha usaili. Amehojiwa maisha yake yote.

Kuna vifaa vinavyoweza kutumika bila kumsubiri daktari bingwa. RHS-15 ni orodha fupi ya maswali ya kuchuja msongo kwa wakimbizi wa kuanzia miaka 14, nayo ina tafsiri ya Kiswahili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mpango uitwao PM+, wa vikao vitano, ambao mtu asiye mtaalamu anaweza kufundishwa kuuendesha kwa watu wazima chini ya usimamizi. Unafundisha kutuliza mwili, kuligawa tatizo vipande vipande, kurudia shughuli zilizoachwa na kutafuta watu wa kukutegemeza. Ulijaribiwa kwa wanawake jijini Nairobi na ukaonyesha manufaa. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu waliolemewa, na majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha dalili zao zilipungua. Bibi mwenye busara hakosekani katika jamii yoyote ya wakimbizi. Anachokosa ni mafunzo na mtu wa kumpokea mgonjwa aliyemzidi uwezo.

Jihadharini na siri. Jamii ni ndogo, mkalimani wa kliniki anaweza kuwa mwimbaji mwenza wa kwaya. Kijana akikataa msaada, muulize kama anaogopa kujulikana, na umwombee mkalimani wa simu kutoka mji mwingine.

Kuna uchungu mmoja unaohitaji jina. Tangu miaka ya 1970, mtafiti Pauline Boss amezichunguza familia ambazo mtu wao hayupo, na hawajui wamlilie au wamngoje. Kwa Kiswahili ningeuita msiba usio na matanga. Kaka aliyepotea vitani, bibi aliyebaki kambini, dada ambaye faili lake limekwama. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu waliokwisha kupangiwa ndege walifutiwa safari, na vijana waliokuwa wakihesabu siku za kumwona ndugu wakaanza kuhesabu bila mwisho. Usimpe kijana tarehe usiyoijua. Mpe ruhusa ya kukumbuka na kuendelea kuishi kwa pamoja. Na kama ameanza kazi na simu za kuomba pesa zinamiminika, familia ikae na kukubaliana kiasi cha kutuma kila mwezi, ili jibu litoke kwa wote na lawama isimwangukie yeye.

Ukiona dalili za hatari, kama vile kuaga, kugawa vitu vyake au kusema afadhali asingekuwepo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo, linampa mlango. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, piga namba ya dharura. Namba 988, ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua, imekuwepo Marekani tangu Julai 2022, Kanada tangu Novemba 2023. Kwingine, tafuta namba ya nchi yako leo na uibandike ukutani kabla haijahitajika.

Hatua ya 6: Kikundi kiwe cha vijana kweli

Luma Mufleh aliwakusanya wavulana wakimbizi kwa mpira wa miguu mjini Clarkston, jimbo la Georgia, mwaka 2004, na kilichoanza uwanjani kikaja kuzaa shule. Mpira ni mlango mzuri. Ila ukiishia kwenye mpira wa wavulana, umewaacha wasichana, ambao mara nyingi wako nyumbani na wadogo zao. Nenda kwa mama zao, uliza saa ngapi wana nafasi, panga usafiri, na weka mtu wa kuangalia watoto wadogo palepale.

Wapeni vijana bajeti halisi, hata kama ni ndogo, na uamuzi halisi. Wakichagua jambo ambalo wazee hawakulitarajia, na halina madhara, liacheni lifanyike. Njia moja inayofaa ni kuwapa kamera au simu wapige picha za yanayowaumiza na yanayowatia moyo mtaani, kisha wazijadili na kuwaonyesha viongozi. Caroline Wang na Mary Ann Burris waliibuni njia hiyo miaka ya 1990 pamoja na wanawake wa vijijini Yunnan, China. Picha ya kituo cha basi kisicho na taa inaweza kumsogeza diwani kuliko hotuba.

Vita vilivyotukimbiza vilitugawa kwa makabila, na migawanyiko hiyo ilipanda ndege pamoja nasi. Changanyeni timu tangu siku ya kwanza, na viongozi watoke pande zote. Mzee anayekuja kuchochea aondolewe kwa heshima, lakini aondolewe. Na kila shughuli iwe na watu wazima wawili waliochunguzwa, hakuna mmoja anayebaki peke yake na mtoto.

Hatua ya 7: Hesabu yanayoonekana

Baada ya miezi sita, hesabuni mambo machache: miadi mingapi ya hospitali ilikuwa na mkalimani mtu mzima, barua ngapi zilipita tarehe, vijana wangapi bado wako shuleni, uamuzi upi wa kikundi ulifanywa na vijana wenyewe. Waulizeni vijana kwa karatasi isiyo na jina kitu gani kiachwe.

Kisha chukueni daftari la mahudhurio la mwezi wa kwanza na mtafute majina ambayo hayapo tena. Wale wanaokuja kila wiki watawaambia kikundi ni kizuri. Aliyeacha kuja ndiye anayejua kilichokosekana. Nendeni kwake wawili, bila kumlaumu, mmoja wenu awe wa rika lake. Asipofungua mlango, rudini wiki inayofuata.